Mama Haimbi Kwenye Gari Langu

Mama yetu anakaa juu ya mlima, ukishaipita Buswelu, kwenye nyumba aliyoiacha marehemu baba. Barabara ya kwake ni vumbi na mawe matupu. Upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, na kwenye kona ya mwisho unaliona ziwa lote hadi visiwani. Wageni hupiga picha pale. Mimi pale nashika usukani kwa mikono miwili, gia namba moja, macho mbele.

Jumapili moja nampeleka mama kanisani na kumrudisha mimi, Jumapili ya pili ni zamu ya mdogo wangu. Yeye anafanya kazi Geita, ng'ambo ya ziwa. Enzi za kivuko cha Busisi alikuwa anachelewa, nusu ya zamu zake nikawa nazichukua mimi, na wala sikulalamika. Daraja lilipofunguliwa akawa anafika kwa mama kabla sijaamka. Nikalichukia hata daraja, Mungu anisamehe.

Siku moja gari langu lilikuwa kwa fundi, nikapanda la mdogo wangu, kiti cha nyuma. Jamani, yule mtoto anapanda mlima kama anafukuzwa. Kokoto zinaruka, vumbi linaingia hadi puani. Na mama, pale mbele, anaimba. Nyimbo za Kikerewe, ubeti kwa ubeti, mpaka mlangoni.

Mimi nimemwendesha mama miaka mitano na hajawahi kuniimbia hata kiitikio. Kwangu anakaa kimya, mara nyingi anasinzia. Roho iliniuma, sitaficha. Huyu ndiye mziwanda, alinyonya mpaka akaacha mwenyewe, akasomeshwa shule nzuri kuliko yangu, na sasa hata nyimbo ni zake. Tena akanitania kwamba nikiendesha mimi utadhani nimebeba trei ya mayai. Mama akacheka naye.

Zamu yangu ilipofika nikajiambia leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Tulipotoka kanisani nikashusha vioo, na tulipoanza kupanda nikakanyaga mafuta. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, mawe yanateleza. Kona ya kwanza gari liliyumba. Kona ya pili likajikwaruza kwenye mwamba, nikasikia bati linalia, sikupunguza mwendo. Basi katikati ya mlima mama akaanza kuimba.

Nilikaribia kulia kwa furaha. Nikaongeza mwendo, naye akapandisha sauti. Kwenye ile kona ya ziwa matairi ya nyuma yaliteleza kuelekea korongoni, yakashika tena, na mimi, mpumbavu mkubwa, nilikuwa naitikia kiitikio. Nilichowaza ni kwamba laiti mdogo wangu angetuona.

Tulipofika uani nikazima gari. Mama hakushuka. Alikuwa bado ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili. Nikamwambia leo ameimba vizuri sana.

"Mwanangu, mimi huimba nikiogopa," alisema. "Ndivyo tulivyofanya zamani tukivuka na mtumbwi kutoka Ukerewe, mawimbi yakichafuka. Mdogo wako ananitia hofu kila zamu yake, sijui nimwambieje. Huwa nahesabu siku nifikie zamu yako, angalau nisinzie."

Nikazunguka, nikamfungulia mlango, nikamshika mkono mpaka ndani. Akaomba maji ya kunywa, akanywa taratibu, hakunigombeza hata kidogo. Afadhali angenigombeza.

Wiki mbili baadaye nikampandisha tena mlima ule. Mwendo wa kobe, gia namba moja toka chini, kila jiwe nalizunguka. Hakuimba. Ila safari hii hakusinzia pia. Alikaa macho njia nzima, mkono umeshika mlango, anaangalia mguu wangu kwenye mafuta.