Mama Alipoingia Sinema

Baba alikuwa mchoraji wa mabango ya sinema mjini Mahajanga. Mwishoni mwa miaka ile ya sabini serikali ndiyo iliyoamua filamu zipi ziingie nchini, na zilikuwa chache. Filamu moja ikioneshwa mwezi mzima, Baba aliichorea bango jipya kila wiki, uani kwetu mtaa wa Mangarivotra, ili watu wasiichoke.

Baadaye milango ikafunguliwa. Filamu za nje zikamiminika, za ngumi na za mapenzi, kila moja na mabango yake yaliyokwisha kuchapishwa. Ukumbi ukajaa hadi watu wakakaa chini. Muuza karanga mlangoni akaongeza kikapu cha pili. Baba ndiye aliyekosa kazi.

"Sikufukuzi," mwenye ukumbi alimwambia kwa haya. "Ila haya ya karatasi napewa bure."

Kazi yake ya mwisho ilikuwa filamu ya Kimalagasi, iliyoletwa kutoka mji mkuu na mtengenezaji wake mwenyewe. Ilipewa siku mbili tu. Baba alimaliza bango, akanawa mikono, akamwambia Mama, "Twende nikuoneshe."

Mama hakuwahi kuingia sinema. Nyumbani tulisema Kingazija, sokoni Kimalagasi. Filamu za nje zilisema Kifaransa, na kwake hicho kilikuwa kelele tu. Alijitanda shiromani lake la harusi, akanishika mkono. Ndani tulikuwa watu tisa. Mjane mmoja kwenye filamu, aliyekuwa akigombania shamba la marehemu mumewe, alipofungua kinywa, Mama alinigeukia.

"Namwelewa!"

Hakunyamaza tena. Alimjibu mjane, akamwonya juu ya shemeji yake mlaghai, akalia waziwazi. Baba hakuitazama filamu. Alimtazama yeye.

Tulipotoka, Mama aliuliza, "Kitu kizuri hivi, mume wangu, na viti vitupu?"

"Watu wamezoea zile nyingine."

"Wamezoeshwa," alisema Mama.

Siku ya tatu bango la Baba liliteremshwa. Haukupita mwaka tukavukia bandari ya Ankify kwenda kisiwa cha Nosy Be, Baba amepakata makopo yake ya rangi. Huko aliandika vibao vya maduka, na maisha yakaenda. Niliwahi kumuuliza kama alizichukia filamu za nje.

"Hata kidogo. Nilizipenda sana. Nilitaka tu zetu nazo zipate pa kukaa."

Video zilipofika kisiwani, jirani mmoja alianza kuzionesha sebuleni kwake alasiri. Filamu zote zilikuwa za Kifaransa. Baba alimpeleka Mama, akaketi karibu naye, akawa anamfasiria sikioni neno kwa neno. Mwanamke wa mbele aligeuka. Nikadhani atawanyamazisha.

"Baba," alisema, "sema kwa sauti, na sisi tusikie."

Baba akakohoa kidogo, akasimama. Aliifasiri filamu ile kwa Kimalagasi mpaka mwisho, sauti ikimkauka, na Mama akamshikia kikombe cha maji.