Miezi Minne Iliyopotea

Mwanangu, wewe nawe unayeingia kazi ya kupima watoto, kuna siku moja ambayo hata leo sijaisahau.

Ilikuwa hapa Bukavu, miaka ya vita. Nilikuwa binti mwenye kiburi cha diploma, nikifanya kazi kwenye kituo cha kupima watoto waliodhoofika kwa njaa. Programu yetu ilikuwa ya zamani, maandishi ya kijani kwenye kioo cheusi. Unaipa tarehe ya kuzaliwa na kilo, inakuambia kama mtoto abaki apewe maziwa au arudi nyumbani. Maman Odette, muuguzi wetu mkuu, alikuwa na desturi yake: kila asubuhi, mtoto wa kwanza alimpigia hesabu kwa kalamu, ndipo aiamini mashine. Mimi nilikuwa nikimcheka chinichini.

Siku hiyo tulikuwa na kompyuta mpya iliyotoka ng'ambo. Nikaihamishia programu, ikawaka bila tabu, nikajiona fundi. Maman Odette alikuwa amekwama mtaani kwao, Kadutu, kwa sababu ya risasi. Hesabu ya kalamu nikairuka. Niliogopa, nilitaka tumalize upesi kila mtu arudi kwake. Watoto watatu mashine ikasema wako sawa, nikawarudisha.

Mchana Maman Odette akafika, akasoma karatasi zangu, akaweka kidole kwenye jina moja. 

"Huyu Nabintu wa kilo nane, nani alisema iko muzuri?"

"Ni mashini, maman."

"Mashini ilimushika mukono? Alizaliwa tarehe saba, mwezi wa tatu. Iko na miezi kumi na nane. Hapa inaandika kumi na ine!"

Nikafungua mpangilio wa tarehe wa kompyuta, nikaona kosa. Kompyuta ile ilitengenezewa watu wanaotanguliza mwezi mbele ya siku. Tarehe saba mwezi wa tatu iliisoma tarehe tatu mwezi wa saba, ikampunguzia mtoto miezi minne. Kwa mtoto mdogo hivyo, kilo zile zinatosha. Programu ilikuwa ile ile, mashine ndiyo haikuwa ile.

Tukatoka mbio. Wale wengine wawili tuliwakuta mtaa wa Muhumba, kwa jamaa waliowapokea. Mama Nabintu alikuwa amekwisha kupanda gari la kwenda kwao Walungu, nje ya mji, maana mimi mwenyewe nilimwambia, "Maman, mutoto iko muzuri, rudia nyumbani." Jioni ile barabara ikafungwa. Sikuwaona tena, na sijui kama mtoto alipona.

Maman Odette hakunigombeza. Alinipa kalamu yake tu. "Kesho, mutoto wa kwanza ni wako."

Basi mwanangu, ukihamisha programu ya zamani kwenye mashine nyingine, usifurahi kwa kuwa imewaka. Ipe kwanza hesabu ambayo jibu lake unalijua, uliyoipiga mwenyewe. Na usimcheke anayerudia kazi kwa mkono. Mimi, kila asubuhi mpaka nikastaafu, mtoto wangu wa kwanza, kwa kalamu kisha kwa mashine, alikuwa Nabintu, tarehe saba, mwezi wa tatu.

Mungu akuepushe na haraka yangu, na kila mtoto utakayemwambia arudi kwao, amfikishe mzima.