Minara ya Mawe Juu ya Maporomoko

Mtu asiniambie kwamba Eilif alikosea njia. Nimekuwa jirani yake tangu nilipoolewa huku ghubani, na nikilisikia neno hilo dukani naacha nilichofuata naondoka, maana nikibaki nitamtukana mtu mzima mbele za watu.

Eilif alikuwa mfugaji wa mbuzi. Kila kiangazi yeye na mkewe Gunnvor walihamia na mbuzi wao kwenye kibanda cha malishoni, juu kabisa mlimani, karibu na pale mto unapokatika ghafla na kuporomoka hadi ghubani. Walikamua, wakachemsha maziwa kutwa nzima kupata ile jibini yetu ya kahawia. Gunnvor ana mdomo, hilo silifichi. Eilif yeye alikuwa mpole na mtani. Sikio lake moja liliharibika ujanani alipokuwa akilipua miamba ya handaki la barabara, akawa anatuambia kwamba hilo ndilo sikio alilomwekea mkewe.

Kule juu ni mwamba mtupu. Ukungu ukishuka huoni hata viatu vyako, na ngurumo ya maporomoko unaisikia pande zote. Ndiyo maana wazee wetu wa zamani walipanga marundo ya mawe njia nzima. Unafika kwenye rundo, unasimama, unalitafuta linalofuata, unakwenda. Ukikuta limebomoka unaongeza jiwe. Lakini kujenga rundo pasipo na njia, hata mtoto mtukutu wa kwetu hathubutu. Tumelelewa kuyafuata bila kuuliza.

Basi wakaja wageni wa meli kubwa kutazama maporomoko. Waje tu, mlima ni wa kila mtu. Ila mmoja akajenga kijimnara cha mawe pale ukingoni, akakipiga picha. Wa pili naye akataka chake. Kiangazi hakijafika katikati, ukingo wote umejaa minara! Na mawe waliyatoa wapi? Kwenye marundo yetu, jamani. Walibomoa alama za njia wakajengea mapambo.

Gunnvor alikuwa akiibomoa asubuhi, jioni anaikuta imerudi. Akashuka kijijini kwa Audun, mwenyekiti wa kamati ya utalii, kuomba kibao cha onyo na watu wa kumsaidia. Audun si mgeni. Kazaliwa hapa hapa, ukungu anaujua. Nilikuwapo, nikamsikia kwa masikio yangu.

"Gunnvor, acha roho mbaya," alisema. "Wageni wanafurahi. Wewe mawe yanakuuma nini?"

"Yananiuma kwa sababu Eilif anayafuata."

Audun akacheka, akasema Eilif anaujua mlima kuliko jiko lake. Baada ya hapo tukaona tangazo jipya la kijiji limebandikwa gatini, na picha yake ni minara ile ile.

Mwezi wa nane ukungu ulishuka wakati wa kukamua, na mbuzi hawajarudi. Eilif akatoka kuwafuata. Gunnvor alisimama mlangoni akigonga ndoo kwa mwiko ili mumewe asikie nyumba iko wapi. Mbuzi wakarudi wenyewe, kengele zinalia shingoni. Eilif hakurudi. Ukungu ulipoondoka tuliikuta fimbo yake kando ya mnara wa mwisho, na yeye tukamkuta chini ya maporomoko.

Siku ya mazishi, kwenye kahawa ya kanisani, Audun alikuwa akizunguka na kikombe akisema uzee ni kitu kibaya, mzee wa watu amekosea njia. Kahawa yangu niliiacha.

Majani yalipoanza kugeuka rangi nilipanda na Gunnvor kwenda kukifunga kibanda. Tukakuta mnara mpya pale ukingoni, unanifika kifuani, umewekwa maua, na kwenye jiwe bapa limeandikwa jina la Eilif kwa rangi nyeupe. Wageni walikuwa wamesikia habari zake wakamwonea huruma. Na mwandiko ule nikautambua, ulikuwa wa Audun.

Gunnvor aliweka mkoba wake chini, akayaondoa maua, akaanza kutoa jiwe moja moja na kulitupa majini. Nilisogea kumsaidia, akanizuia kwa mkono. Alipolifikia lile lenye jina alilishika kidogo, halafu nalo akalitupa.

Wakati huo akatokea mama mmoja mgeni na mwenzake, wamekuja kutazama maporomoko. Akasimama, uso umemwiva kwa hasira.

"Huna hata aibu?" akamwambia Gunnvor. "Hapa amekufa mtu."

"Najua. Ni mume wangu," Gunnvor akamjibu. "Aliona rundo kama hili, akadhani kuna njia."

Kisha akainama, akachukua jiwe lingine.