Uso wa Ruzena

Harufu ndiyo ilianza. Sisi wanawake tuliokuwa tunakwangua rangi kwenye roshani ya Jumba la Zelenka, sinema yetu ya zamani, tulianza kutuhumiana kabla hatujaona mkebe wowote. Nikamwambia Vlasta, wifi, kama ni soksi zako sema tu tufungue dirisha. Akanijibu kwamba harufu hiyo anaijua vizuri, ni ya jikoni kwangu. Tukacheka mpaka vumbi likatuingia kooni. Laiti tungejua, tungeshuka zile ngazi siku ile ile tukaenda zetu.

Vlasta Kucera ni dada wa mume wangu Emil, kwa baba. Katika mji wetu huu wa Wacheki hapa Nebraska, hakuna kochi wala kiti cha kinyozi ambacho hakijapita mikononi mwake, maana kazi yake ni kuvalisha viti. Usichana wake aliutumia palepale Zelenka, chumba cha juu, akiendesha mashine ya kuonyeshea sinema, mpaka jumba likafungwa na njiwa wakalirithi. Tulipoanza kulikarabati, ukumbi pamoja na maduka yake ya mbele, viti vyote vya ukumbi alivibeba yeye. Akavivua, akavivalisha mahameli nyekundu kimoja kimoja, miaka nenda miaka rudi, bila kulipwa. Siku hizi watu wanaingia wanasema, ah, pazuri. Usione vyaelea, vimeundwa.

Ila mimi nilijua Vlasta hakuwa akishona kwa ajili ya mji. Mama yake mzazi, Ruzena, alikufa yeye akiwa bado ananyonya. Baba akaoa tena, na huyo mke wa pili, ambaye ndiye mama mkwe wangu, siku aliyoingia nyumbani alikusanya picha zote za Ruzena akazitia kwenye jiko la kuni. Mungu amrehemu, alinipenda na alinifundisha kupika, lakini kwa hilo simtetei. Vlasta akakua hajui sura ya mama yake. Akiuliza watu, wanamwambia alikuwa mrefu, alikuwa na macho mazuri. Sasa hayo ni maelezo au ni kumfukuza mtoto?

Baba yao alipokuwa anakata roho ndipo alipomwambia. Mwaka baada ya Vlasta kuzaliwa, alipita mtu na kamera, mmoja wa wale waliozunguka miji midogo. Aliwapiga watu picha za kutembea hapo barabarani mbele ya Zelenka, kisha wiki iliyofuata akawaita ndani wajione kwenye pazia. Ruzena alikuwemo, amesimama mlangoni pa duka la dawa, amempakata Vlasta. Majira ya baridi yaliyofuata akafa. Mkanda ule, alisema baba, haukutoka ndani ya jumba.

Basi mafundi walipobomoa dari ya mbao juu ya chumba cha mashine, wakakuta mikebe ya bati imeota kutu, na ile harufu ikatupiga usoni. Mmoja ulikuwa na karatasi: Watu wa Mji Wetu, 1937. Vlasta aliisoma, akakaa chini pale pale kwenye vifusi.

Norbert Hosek, mkuu wa zimamoto wetu, aliletwa autazame. Aliufungua kidogo, akanusa, akaufunga taratibu kama anayelaza mtoto mchanga. Akatueleza kwamba mikanda ya zamani ile ni ndugu wa baruti. Ikioza inatoa unga wa kahawia, inajipasha moto yenyewe, na ikishika, maji hayaizimi; inaungua hata ukiizamisha kwenye ndoo. Tukampigia simu mtaalamu mmoja kule Lincoln, naye akasema huo umeshapita hatua ya kuokolewa, usitumwe wala usisafirishwe. Norbert akaamua kwamba Jumamosi ataichoma yote kwenye machimbo ya zamani ya mawe. Nilimtazama Vlasta nikitegemea kilio au matusi. Akaokota kikwanguo chake akarudi kazini, na hapo ndipo nilipoingiwa na baridi.

Jumamosi tulikwenda kutazama. Moshi ulipanda wa manjano, kisha mweusi, watu wakarudi nyuma wenyewe bila kuambiwa. Vlasta alisimama kando yangu mikono mfukoni, macho makavu. Jioni yake nikampelekea kolache, yale maandazi yetu ya Kicheki yenye mbegu za popi, maana nilimwonea huruma. Nikafungua mlango wa karakana yake, na harufu ilikuwa mle.

"Wifi, umefanya nini?"

"Nimeuazima tu. Ule mkebe wa Norbert nilitia matambara na mkanda mwingine."

"Akijua?"

"Norbert ana picha ya mama yake sebuleni, tena kubwa, na kofia juu."

Nilimsihi. Nilimtishia kwamba nitamwambia Emil. Akanionyesha kipande alichokikagua kwa kioo cha kukuzia: watu wadogo kama chawa, na mbele ya duka la dawa mwanamke mwenye mtoto, uso hauonekani, ni kidoa tu. Alikuwa anautaka kwenye pazia, mkubwa, unaotembea. Sikio la kufa halisikii dawa.

Akaurudisha mkebe kwenye chumba cha mashine. Kile chumba kimepigwa bati ndani pande zote, na juu ya kila kidirisha cha kuelekea ukumbini kuna kifuniko cha chuma kilichofungwa kwa kipande cha madini laini. Moto ukiwaka, kipande kinayeyuka, vifuniko vinaanguka, moto unabaki ndani na watu wa chini wanakimbia salama. Waliojenga hawakusema mwendesha mashine akimbilie wapi. Kamati yetu ilitaka kuving'oa kwa sababu vinaharibu sura. Vlasta akakataa kabisa, akavitia mafuta, akawa anavijaribu mpaka vinaanguka vyenyewe kwa kishindo. Nilipomkuta akivitia mafuta nilielewa, nikatamani ningekuwa sijaelewa.

Likaja lile joto la Julai ambalo hufanya majani ya mahindi yajikunje kama sigara. Ufunguzi ulikuwa umekaribia, mabango yameshabandikwa, muuza dawa amesharudisha rafu zake dukani. Kila nikipita barabarani nilitazama juu kwenye matofali ya chumba kile. Usiku Emil aliniuliza mbona sili. Nikamwambia ni joto.

Alichagua Jumapili, saa ya misa, mji mzima ukiwa kanisani. Alinihitaji mimi kwa sababu mwendesha mashine yuko mbali na pazia; lazima mtu akae chini amwambie picha ikififia. Ningeweza kukataa. Lakini nilikuwa nimekula miaka yote kwenye meza ya yule aliyechoma zile picha, na sikuona kwa uso gani ningemwambia Vlasta hapana. Nikakaa katikati ya ukumbi, kwenye mahameli yake, peke yangu.

Mashine ikaanza kunguruma. Kwenye pazia ikatokea barabara yetu. Wanaume wenye kofia, wakitembea kwa haraka wakijifanya hawaioni kamera. Mbwa. Wasichana wanasukumana. Kila mara madoa meupe yalipita kama mvua ya mawe. Halafu mlango wa duka la dawa, na yule mwanamke.

"Ni yeye?" Vlasta aliita kutoka juu.

"Ni yeye. Endelea."

Ruzena alicheka, nadhani, maana mabega yalitikisika. Kisha akafanya kile ambacho mama yeyote angefanya: akamwinua mtoto mbele ya kamera, juu, tumwone vizuri. Mtoto wa kofia nyeupe akajaa pazia zima, akamfunika mama yake usoni. Nilisikia Vlasta juu kule akisema, "Mshushe. Mshushe, mama."

Akaanza kumshusha. Zikaonekana nywele, likaonekana paji. Hapo mashine ikalia vibaya, mkanda ulioota ukungu umenasa, na Vlasta akainama kuukwamua kwa mikono. Mtoto alikuwa ameshashuka mpaka kifuani. Mkanda ukasimama mbele ya taa ya moto, na uso wa Ruzena ukabaki pale mbele yangu, mzima, mkubwa kama mlango wa ghala, umetulia. Nikaita, "Vlasta, tazama! Tazama sasa!" Kabla sijamaliza kuita, doa la kahawia likatokea mdomoni, likatafuna mashavu, likafika machoni. Vifuniko vikaanguka. Giza.

Nilimkuta kwenye ngazi, anatoka kwa magoti. Mlango nyuma yake nilioufunga kwa teke ulikuwa unapumua moshi. Mikono yake sitaielezea. Moto ulikula ndani ya lile sanduku la bati mpaka ukashiba, usitoke nje, na Norbert na wenzake walipofika na mashati yao ya kanisani hawakuwa na la kufanya ila kungoja. Ukumbi ulipona, maduka yalipona. Norbert hakumgombeza. Alimfunga mikono kwa shuka safi, akamshikia mpaka gari la wagonjwa lilipokuja. Vlasta alikuwa ananitazama mimi tu.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Alikuwa anaitazama kamera?"

"Hapana. Alikuwa anakutazama wewe."

Hiyo ni miaka mingi sasa. Vidole vyake havikunyooka tena, sindano haishiki. Emil ametangulia. Kila Jumapili baada ya misa Vlasta anakuja kwangu, namkatia kolache vipande vidogo, na kabla hajala ananiambia, haya, wifi, nieleze. Namweleza nyusi, kidevu, kishimo cha shavuni, nywele alivyozigawa. Duniani kote uso ule umebaki kichwani mwangu tu.

Na kichwa chenyewe, jamani. Juzi niliacha jiko linawaka nikaenda posta. Jina la mjukuu wangu wa mwisho nilimwuliza mwenyewe. Daktari ameniambia kitu, na sijamwambia Vlasta. Ninaogopa, sifichi.

Jumapili hii alikuja kama kawaida, akavua kofia, akakaa. Nikaanza: nyusi nene, kidevu kidogo, nywele amezigawa upande wa kulia.

Vlasta akaacha kutafuna. Alinitazama bila hasira.

"Wiki iliyopita ulisema kushoto, wifi," akasema.