Mboji Iliyotolewa Kabla ya Kupoa

Mwalimu Olivier alisimama mbele ya wanawake wa kilima chetu, Butihinda, mkoani Muyinga, akasema mimi ndiye niliyeunguza maharage yao. Alisema uongo, na alijua kuwa ni uongo.

Mimi sikusoma. Nilikulia kambini Tanzania, na tuliporudi Burundi shamba letu lilikuwa udongo mwekundu usiozaa kitu. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha kulitibu kwa mboji. Nilipofiwa na mume nilikwenda Gitega, nikapata kazi ya kumenya ndizi na viazi katika jiko la chuo kikuu. Maganda yalikuwa yakitupwa bondeni. Nikaanza kuyarundika nyuma ya jiko, pamoja na majani na majivu.

Olivier, anayefundisha mambo ya mazingira, aliliona rundo akalipenda. Akaleta wanafunzi, wakalipiga picha, wakasimika kibao. Akasema chuo kitawagawia wakulima mboji. Nikaomba aanze na wanawake wa kwetu Muyinga, akakubali. Nikawapigia simu: safari hii msihangaike na mbolea.

Lakini rundo lilikuwa na wiki tatu tu. Nilichomeka fimbo katikati, nikaichomoa, nikaishika. Ilinichoma kiganja.

"We mama unapima homa ya takataka?" Olivier alicheka.

"Napima, mwalimu, na haijashuka. Ukiiweka kwenye mbegu itaua mizizi. Tungoje miezi miwili."

"Miezi miwili! Mama Letisia, lori imepata mazutu leo. Leo! Mafuta yenyewe hayapatikani kila siku. Wageni wa chuo watakuwa Butihinda Jumamosi kuona ugawaji. Alors, niwaonyeshe fimbo?"

Ketsia, mwanafunzi wake, binti wa Kikongo, aliishika fimbo naye akaiachia haraka.

"Prof, iko moto kweli."

"Ketsia, memwari yako ya kumalizia shahada unaandika na mimi ama na mpishi?"

Ketsia akanyamaza. Na mimi nikanyamaza, nikiogopa kufukuzwa. Magunia niliyafunga kwa mikono yangu mwenyewe.

Jumamosi wanawake walipanda mbele ya wageni, kiganja cha mboji katika kila shimo. Maharage yaliota, yakageuka manjano, yakalala. Imelda, kiongozi wa kikundi, aliniita nirudi kilimani. Nilipofika, gari la Olivier lilikuwa limekwisha kuegeshwa.

"Mpishi wetu ndiye aliyeiandaa," alikuwa akiwaambia wanawake. "Chuo kilimwamini. Naona aibu kwa niaba yake."

Imelda alinigeukia. "Letisia, tumekula mgao mmoja kambini. Ulijua kwamba haijawa tayari?"

"Nilijua, lakini..."

"Asante, mama," Olivier akanikata. "Amekiri mwenyewe, mkisikia."

Kelele ziliniziba mdomo. Mmoja akauliza nimelipwa nini. Mwingine akasema, "Mwacheni, sasa yeye ni mtu wa chuo." Walicheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko matusi. Nilimtazama Ketsia kwenye kiti cha nyuma cha gari. Alikuwa ameinamia simu.

Kosa langu, la kunyamaza, nimelitubu nyumba kwa nyumba. Kuna milango ambayo haikufunguliwa.

Olivier bado anadaiwa mbegu za msimu mzima na wanawake wale. Na mimi pia ninamdai: arudi kilimani kwetu, awaite wote, aseme kwamba alionywa. Na Ketsia, ambaye sasa amepata shahada yake na hana tena wa kumwogopa, anadaiwa maneno hayohayo.