Pumzi ya Mwanasesere

Leo, katika duka moja la Lubumbashi, nimefungua boksi la viatu vipya, na harufu ya mpira imenirudisha kwenye siku moja katika kituo cha afya cha kijiji chetu, upande wa Kasenga.

Asubuhi ile wakunga walifundishwa kumpa hewa mtoto asiyelia, wakiminya mfuko wa mpira juu ya uso wa mwanasesere. Mchana mama yangu akajifungua. Mtoto hakulia.

"Papa, leta ile mupira!" shangazi yangu, mkunga, alimpigia kelele muuguzi mkuu.

"Hapana, mama. Iko ya kufundishia. Bakubwa batakuja kuiangalia, itachafuka."

Hakutoa ufunguo wa kabati alimoufungia mfuko ule. Shangazi alimpulizia mtoto kwa mdomo wake, bure.

Mwanasesere alipewa hewa asubuhi nzima. Mdogo wangu, ambaye jina lake lilikuwa tayari likimngoja, alinyimwa.