Udongo Unaopumua Kule Annexe

Nilitoka mtaa wetu uitwao Kenya, hapa Lubumbashi, siku ya Jumamosi, kwenda Annexe, pembezoni mwa mji, kumchukua mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu. Jirani yake alikuwa amepiga simu kwamba kila alfajiri anaonekana amepiga magoti mbele ya kichuguu, akizungumza. Ukoo ulikaa, ukaamua ahamie kwangu. Nilitumwa mimi kwa kuwa ni mwalimu wa sayansi. Walisema sitishwi na mambo ya ajabu.

Saa nne asubuhi nilipanda pikipiki ya abiria pale sokoni. Tuliwaacha mafundi wa kuchomelea na makanisa ya mabati, kisha lami ikaisha. Ilikuwa kiangazi, ambacho kwetu ni majira ya baridi, na vumbi jekundu lilikuwa limefunika majani hata yakafanana na kutu. Dereva hakutaka kufika mwisho wa njia. Alinishusha njiani, penye kundi la miti, akageuza bila kuzima injini.

Nilimalizia kwa miguu, nikafika saa sita. Kichuguu kilikuwa kirefu kupita nyumba ya mama mkubwa. Alinipokea vizuri, akauliza habari za mke wangu Ngalula, akanipikia bukari, ndio ugali wetu, na mboga ya lengalenga. Hakuonekana mgonjwa. Nilipomweleza nilichotumwa, alisema nilale kwanza, kesho nitazame mwenyewe.

Mume wake, papa Kabwe, alikuwa mchimbaji wa shaba. Miaka miwili iliyopita shimo lilimfunika, na hakutolewa tena. Hatukuwa na mwili wa kuzika. Tangu siku ile hadi Jumamosi hiyo nilikuwa natembea kwenye saruji na lami tu, wala sikuwa nimejiuliza kwa nini.

Alfajiri aliniamsha. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya matuta ya mboga, na hakuna ndege aliyelia. Mama mkubwa alivua viatu, akapiga magoti, akaingiza mkono hadi kiwiko ndani ya tundu la kichuguu. Alisalimia, akataja kazi zake za siku hiyo moja baada ya nyingine, kama mtu anayemuaga mwenzake. Kisha akanionyesha kwa kidevu niweke mkono wangu.

Hewa iliyotoka mle ilikuwa ya joto na unyevu, kama pumzi ya mtu aliyelala. Halafu ndani kukagongwa. Mara moja, kimya, kisha mfululizo. Nilirudi nyuma nikaanguka. Jambo hili nalifundisha kila mwaka: mchwa askari hugonga vichwa wanapoingiliwa, na joto la kiota hupanda juu. Nilimweleza hayo yote haraka haraka.

"Mutoto yangu, najua iko mududu," alisema. "Papa hayiko mule. Lakini kisha udongo kumukamata, nilishindwa kulima. Nilikuwa naogopa hata kuukanyaga. Njo maana nashikaka udongo kila asubui, mupaka woga itoke."

Nilimuuliza kama woga umetoka.

"Kila asubui inatoka. Kila usiku inarudi."

Niliuingiza tena mkono tunduni. Kugonga kulikoma ghafla, kana kwamba mle ndani nako wanasikiliza, nami nikajikuta nimetamka jina la papa Kabwe kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nililia pale mpaka jua lilipopenya ukungu. Mama mkubwa hakunibembeleza. Alichukua jembe akaenda kwenye matuta yake.

Mchana nilirudi mtaani Kenya peke yangu. Ukoo ulinilaumu sana. Niliwaambia kwamba tukimleta hapa, kwenye ua wa saruji, ndipo ataugua.

Jumatatu nilivunja saruji ya uani, tundu lenye upana wa sahani. Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, naweka kiganja pale. Nimejifunza kwamba ardhi iko hapa pia, chini ya masoko na makanisa yetu, na kwamba anayeiogopa hana budi kuisalimia kila siku.

Wiki ya pili Ngalula alitoka amejifunga kitenge, akachuchumaa. Aliweka mkono wake kando ya wangu.

"Kuko nani mule?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Nilimwambia hakuna mtu, ni udongo tu. Hakuniamini, lakini hakuutoa mkono.